Kaka wa Kipanga

Huenda uliwahi kuiona Smart Guy, ile tamthilia ya kuchekesha iliyorushwa Marekani kuanzia 1997 hadi 1999. T.J. Henderson, kipanga wa miaka 10, anarushwa madarasa hadi sekondari na kujikuta shule moja na kaka yake, Marcus. Kila kipindi nusu saa: dogo anakoroga mambo, watu wanacheka, baba mtu anasema nao, yamekwisha. Mimi niliiona ukubwani, kwenye sidii ya kuazima. Wenzangu walimtazama T.J. Mimi macho yangu yalikuwa kwa Marcus.

Maana Marcus wa Ujiji ni mimi. Mdogo wangu alirushwa darasa akatua kwenye darasa langu la tano. Nyumbani mkubwa nilikuwa mimi; yeye ndiye wa kutumwa dagaa mwaloni. Tukivuka mlango wa darasa, ukubwa unahamia kwake.

Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa na mtindo wake: anayepata jibu anawazaba vibao waliokosa. Siku moja ikaja hesabu ya sehemu. Tuliokosa tukapanga mstari, mimi wa tatu. Zamu ya mdogo wangu ikafika. Hesabu kama zile alizifanya kichwani huku anakula muwa! Akautazama ubao, akanitazama mimi, akasema, "Sijui, mwalimu." Akaja kusimama nyuma yangu. Binti mmoja akapata jibu, akatuzaba wote.

Wakati wa kurudi, chini ya miembe, nikamuuliza, "Si ulikuwa unajua?"

"Twende bwana, kaka. Jua linazama."

Tangu siku ile akawa anakosa kosa, kila mara nyuma yangu kidogo. Walimu wakasema moto umezimika.

Je, alitenda wema? Usiku wa mbalamwezi wavuvi wa dagaa hupumzika, taa zao hazina kazi. Lakini anayezima karabai gizani ili mtumbwi wa nduguye upate, hao dagaa aliowakosa ni wake peke yake? Kuna watoto nyumbani wanaosubiri. Kwa hesabu hiyo alikosea. Ila mimi naona kosa lilianza kabla yake. Watu husema kurusha darasa kunamwumiza mtoto kwa kuwa bado mdogo. Sikubali. Kilichomwumiza ni kuambiwa kwamba akijua, lazima ampige kaka yake. Mtoto wa miaka tisa akawekwa achague kati ya ukweli na undugu, eti ndiyo elimu! Nami nilikipokea kile alichoniachia, nikanyamaza. Hilo nalo ni tendo.

Mtihani wa darasa la saba tulifanya pamoja. Nafasi za sekondari zilikuwa chache. Nilichaguliwa mimi.

Siku hizi anatengeneza injini za boti, na mafundi wenye vyeti humfuata zikiwashinda. Nikienda kumsalimu hunipa kigoda, yeye akakaa chini kwenye matairi. Ule mtihani hatujawahi kuuzungumza.