Je, Ni Haki Kumtibu Mtoto kwa Mchezo?

Liko swali ambalo wazee wetu hawakulijua, nalo sasa limetufikia sote tuleao watoto: je, ni haki kuutumia mchezo wa kompyuta katika kumtibu mtoto? Wako wasemao kwamba ugonjwa si jambo la mchezo, na ya kuwa kumpa mgonjwa kitu cha kuchezea ni kumlaghai, kama mtoto alaghaiwavyo kwa sukari ili ameze dawa chungu. Neno hili lina uzito, wala halifai kupuuzwa. Basi na tulipime.

Kwanza tutazame jambo lenyewe. Mwaka 2006 shirika la HopeLab la Marekani lilitoa mchezo uitwao Re-Mission, uliotungwa kwa ajili ya vijana wenye saratani. Ndani yake askari mdogo sana, jina lake Roxxi, husafiri katika mwili wa mgonjwa, akizipiga chembe za saratani kwa dawa na kupigana na vijidudu viletavyo maradhi mengine. Sababu yake ni hii: kijana akitoka hospitali hupewa vidonge vya kumeza nyumbani kwa muda mrefu, naye akijiona hajambo huviacha, kumbe adui angalimo ndani. Uchunguzi uliopigwa chapa mwaka 2008 uliwahusu vijana 375 katika hospitali 34 za Marekani, Kanada na Australia. Waliopewa mchezo huo walishika dawa zao vizuri zaidi kuliko wale waliopewa mchezo wa kawaida tu.

Tena katika mji wa Seattle, Hunter Hoffman na David Patterson wa Chuo Kikuu cha Washington walileta mchezo uitwao SnowWorld. Mtu aliyeungua moto, wakati vidonda vyake vinaposafishwa, huvaa chombo machoni akajiona yu katika bonde la theluji, akitupa matonge ya theluji. Na kwa kuwa fikira zake zimekwenda huko, maumivu humpungukia.

Je, huo ni ulaghai? Nasema sivyo. Mwongo ni yule amwambiaye mtoto, "Haitauma," hali ajua kwamba itauma. Mtoto wa theluji ajua kuwa anacheza. Na mtoto wa Roxxi aonyeshwa kweli iliyofichika mwilini mwake. Mwalimu afundishaye kuhesabu kwa kete za bao hamdanganyi mwanafunzi: kete ni mchezo, lakini hesabu ni hesabu.

Lakini iko hatari nyingine, nayo yanitia hofu kuliko hiyo. Katika mchezo, achezaye vema hushinda. Katika saratani si hivyo sikuzote. Wako watoto waliomeza kila kidonge na kutii kila neno la daktari, nao wakafa. Mtoto aliyezoezwa kuamini kwamba ushindi ni wa hodari, siku ugonjwa utakapomrudia atasema nini moyoni mwake? Atajihukumu kwamba hakupigana vema, na juu ya maumivu ya mwili ataongezewa mzigo wa hatia isiyo yake. Kwa hiyo ampaye mtoto mchezo wa namna hii ana deni la kumwambia neno ambalo mchezo hausemi: "Mwanangu, kumeza dawa ni kazi yako, kupona hakumo katika amri yako wala yangu." Juhudi ni ya mtu, na uzima u mkononi mwa Mungu. Neno hilo hulisema mtu aliyeketi kando ya kitanda.

Tena yapasa kuwe na kiasi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilikubali kuutia utumwa wa michezo hii katika orodha yake ya magonjwa, na orodha hiyo ikaanza kutumika mwaka 2022. Dawa hupimwa kwa kijiko. Mchezo nao upimwe kwa saa.

Basi, kwa maoni yangu, mchezo ni halali kwa masharti matatu: useme kweli, uwe na kiasi, na usichukue nafasi ya mtu. Hospitali ikinunua mashine ili muuguzi apate kumwacha mtoto peke yake, hapo imekosa, hata kama mtoto anacheka. Bali ikimpa mchezo, na muuguzi akakaa karibu naye ili kuyajibu maswali yatakayozaliwa humo, hapo imefanya jambo jema, nasi tusione haya kulisifu.