Bahari ya Lita 100

Rafiki yangu akinitembelea lazima aulize: "Sasa hii si jela?" Anaonyesha tangi la kioo kando ya kitanda changu. Lita 100 za maji ya chumvi, hapa South B, karibu kilomita 500 kutoka baharini. Ndani mna anemoni moja na samaki wawili. Watu huwaita Nemo, ila hawa wa pwani yetu hawana mistari mitatu ya yule wa sinema. Wana mmoja tu, mweupe, unaopita mgongoni. Mjomba wangu, mzamiaji huko Kwale, ndiye aliyewavua.

Kwa muda mrefu nilikuwa na jibu. Hawa hata baharini hawatoki, nilimwambia. Wakishapata anemoni yao wanakaa hapo hapo, maana wakienda mbali na minyiri yake yenye sumu wataliwa. Mimi nimewapa nyumba ile ile, nikaondoa maadui. Na kodi nalipa mimi.

Ningemkumbuka nyanya, jibu hilo lingenikwama kooni. Nyanya hatoki bomani kwake wiki nzima, na hakuna mtu angemfungia mlango kwa nje akasema, si hatoki hata hivyo?

Kilichonivunja ni mayai. Jike (ndiye mkubwa, akifa, dume hugeuka kuwa jike, hiyo ni hadithi ya siku nyingine) alitaga kwenye jiwe. Dume akawa anayapepea kwa mapezi yake, hali vizuri, hatulii. Usiku wa nane, taa zikiwa zimezimwa, yakaanguliwa. Nilimulika kwa simu nikaona vitu vyembamba kama kope vikipanda juu ya maji. Baharini, huo ndio usiku wa safari. Mkondo huwabeba siku kumi hivi, mbali na wazazi, hadi kila mmoja atafute anemoni yake. Kwangu mkondo unaishia kwenye chujio. Asubuhi hakukuwa na hata mmoja.

Kumbe hawa ninaosema hawatoki, walishatoka. Kila mmoja alipita bahari wazi akiwa mdogo kuliko punje ya mchele, ndipo akafika mahali akakaa. Mimi nilikutana nao wamekaa, nikadhani ndivyo walivyo.

Kuwarudisha? Samaki wa tangi anaweza kurudi na ugonjwa akawapa wenzake. Na wanaweza kuishi nami zaidi ya miaka kumi. Kwa hivyo kila Jumamosi nabadilisha maji, gramu 35 za chumvi kwa lita. Stima ikipotea, napiga magoti nikichota maji kwa kikombe na kuyamwaga tena ndani, hewa iingie. Rafiki yangu anaita hayo mapenzi. Mimi naona yanafanana zaidi na deni.

Jumapili mjomba alipiga simu. Shule zinafunguliwa, binamu yangu hana karo, na yeye ana wengine wawili kwenye ndoo.

"Nikutumie?"

Nilinyamaza kidogo. Halafu nikamuuliza karo ni pesa ngapi.