Paka wa Sultani Majinuni

Kati ya joka na Godzilla, nani ana nguvu zaidi? Swali hili halijapata jibu Witeithie, na kwa jinsi ninavyoujua mtaa huu, halitapata karibuni. Linazuka kwenye matatu ya Thika ikingoja abiria wajae. Linazuka nje ya duka la kuwekewa muvi kwenye flashi. Kwa kinyozi Jumamosi jioni ndiko hasa linakonoga, foleni ikiwa ndefu na kila mtu ana wakati wa kupoteza. Mmoja atasema majoka ya Game of Thrones huteketeza jeshi zima kwa pumzi moja. Mwenzake atamcheka: moto huo kwa Godzilla ni maji ya kuoga. Wa tatu, ambaye hakuna aliyemuuliza, ataleta King Kong, na hapo sauti zinapanda mpaka kinyozi anazima mashine ili naye asikike.

Mtu mzima hutarajiwa kuona haya akikutwa kwenye ubishi wa namna hii. Mimi sioni haya. Watu wakiwapanga viumbe ambao hawajawahi kuwapo, yupi juu na yupi chini, wanafichua bila kujua wanachokiheshimu kwa viumbe waliopo. Na ukisikiliza vizuri utaona kipimo ni kilekile: ukubwa, moto, meno, nani atamwangusha nani. Kumbi za video zilitulea kwa kanuni moja tu, kwamba steringi hafi, naye DJ Afro akaikoleza kwa Kiswahili chake cha mtaani hata filamu ya Hong Kong ikawa kama imepigwa Githurai. Anayebaki amesimama mwishoni ndiye mwenye nguvu, basi.

Katika foleni mojawapo alikuwapo mzee aliyekuwa akichonga mawe machimboni upande wa Ndarugu, yale mawe ya kujengea ambayo malori huyapeleka mpaka Nairobi. Vumbi lilikuwa limeingia kwenye mikunjo ya vidole vyake na halikuonyesha nia ya kutoka. Vijana wakamtaka shauri.

"Guka, na wewe unasema nani?"

"Ndovu."

Kicheko kikaangusha nyumba. "Zii, Guka! Ndovu si wa muvi."

"Kwani irimu ni wa muvi?" akauliza, na kelele zikapungua kidogo, kwa sababu aliyelelewa na cucu yake hata kwa likizo moja tu anamjua irimu. Kwa mbele ni kijana mtanashati anayekuja ngomani na kuwachanganya wasichana akili. Kwa nyuma, chini ya nywele za kisogoni, ana mdomo wa pili, na huo ndio unaokula. Kinyozi alikuwa amemwinamisha mzee kichwa amalizie shingo, na kijana mmoja akasogea kuchungulia kama mdomo upo. "Ungekuwepo," mzee akasema bila kuinua kichwa, "ningekuwa nimeshiba."

Katika hadithi zote za irimu wanazosimuliana Wagikuyu, moja imenikaa kuliko nyingine. Watafiti wameikusanya na kuiandika, Wanjiku Mukabi Kabira akiwa mmoja wa waliozishughulikia ngano hizo kwa bidii, lakini nyumbani kila mtu ana yake. Mhunzi amekwenda kufua chuma mbali, amemwacha mkewe mjamzito. Mke anajifungua peke yake, na anayetokea kumuuguza ni irimu. Irimu hamrukii. Anateka maji, anapasua kuni, anapika, anapakua, anamsogezea mzazi chakula. Mama akinyoosha mkono, bakuli linarudi nyuma: kumbe hutaki, basi nitakula mimi. Kesho vivyo hivyo. Mama anakonda, irimu ananenepa, na mtu akichungulia mlangoni ataona mgonjwa anayehudumiwa vizuri.

Mama ana mbegu za mbarika alizoanika uani. Ndege wanakuja kuzidonoa, naye anapatana nao: nitawapa mbarika, nipelekeeni ujumbe. Njiwa anakubali, anaruka mpaka kiwandani, anatua mtini juu ya vichwa vya wahunzi na kuimba. Wanamfukuza. Anarudi, anaimba tena. Wanamfukuza tena, mpaka mmoja wao anawaambia wenzake wanyamaze wasikie ndege anasema nini. Mhunzi anatupa nyundo, anakimbia nyumbani, anajificha, na irimu anapoingia na maneno yake ya kejeli anakutana na mkuki.

Sasa mweke irimu huyo mbele ya Godzilla. Hawezi hata kumkanyaga kidole. Kwa mizani ya kinyozi ni kiumbe dhaifu mno, anachomwa mkuki mmoja na hadithi inakwisha. Lakini kwa siku zile alizokaa jikoni alikuwa na uwezo wa uhai na kifo juu ya watu wawili, na uwezo huo hakuutoa kwenye misuli yake. Aliupata kwa mume kuwa mbali, kwa jirani kutobisha hodi, kwa mama kukosa nguvu za kuinuka.

Pwani wana kiumbe ambaye huwa sichoki kumfikiria. Yumo katika kitabu cha hadithi za Kiswahili alichokichapisha Edward Steere mwaka 1870, kabla hajawa askofu, hadithi alizozipata kwa wasimulizi wa Unguja. Sultani Majinuni alikuwa na paka. Paka akakamata ndama, watu wakaenda kumshitaki. Sultani akajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake, kuna kesi gani? Paka akala mbuzi, jibu likawa lilelile. Akala ng'ombe, akala punda, farasi, ngamia, na kila mara watu walirudi barazani na kuambiwa kuwa mwenye paka ndiye mwenye mali. Ikafika zamu ya mtoto wa mtu. Jibu halikubadilika. Paka akahamia kichakani kando ya njia, akawa anakula wapitao, mpaka siku Sultani alipotoka kuitembelea nchi yake pamoja na wanawe, na paka akaruka akawaua watatu. Siku hiyo ndipo Sultani alipokiri kwamba huyu si paka tena, huyu ni nunda, mla watu.

Kinachonishika katika hadithi hii ni lile jibu la Sultani. Hakuna uchawi humo. Nunda hakutoka kuzimu, hakuanguliwa kwenye yai la moto, hakurithi nguvu za mababu. Alikuwa paka wa nyumbani aliyelishwa msamaha. Kila kitoweo kilimwongezea kimo, na kila kitoweo kilikuwa na muhuri wa baraza. Hata alipokuwa tishio la nchi, kazi ya kumtafuta ilimwangukia mwana mdogo, ambaye alihangaika msituni akiua mnyama mmoja baada ya mwingine, mpaka ndovu, na mamake akimwambia kila mara kwamba huyo siye. Ndovu wa mzee wetu, mkubwa kuliko wote, aliuawa kwa makosa. Hilo nalo lina utamu wake: kijana alikuwa akitafuta kwa kipimo cha ukubwa, na ukubwa ulikuwa unampoteza njia.

Ukishamjua nunda, hata hao viumbe wa muvi wanabadilika sura. Majoka matatu ya Game of Thrones, iliyorushwa kati ya 2011 na 2019, yalilelewa na malkia kijana aliyeyaita wanawe. Kuna wakati mchungaji maskini anamletea mifupa iliyoungua, imefungwa kitambaani. Ni binti yake. Malkia anaumia kwelikweli, anayafunga minyororo mawili yaliyokuwa karibu, lile lenye hatia liko huko nje linaruka. Baadaye ndilo analolipanda kuuchoma mji mkuu. Vijana hukumbuka moto wa mji, na wachache sana hukumbuka kitambaa cha mchungaji, nami nadhani kitambaa ndicho kilichobeba hadithi yote.

Godzilla je? Wajapani walimleta Novemba 1954. Machi mwaka huohuo Marekani ilikuwa imelipua bomu la haidrojeni katika kisiwa cha Bikini, na majivu yake yakawaangukia wavuvi 23 wa Kijapani baharini. Katika filamu ile ya kwanza zimwi huamshwa na majaribio ya mabomu. Waliotengeneza filamu hawakuwa wakiuliza atapigana na nani. Walikuwa wakiuliza aliamshwa na nani. Mapigano na King Kong yalikuja baadaye, pesa za tiketi zilipogundua kwamba watu hupenda kushangilia.

Hapa kwetu pia tumewahi kuwa na joka. Mugo wa Kibiru, mwaguzi wa Wagikuyu, husimuliwa kuwa alitabiri nyoka wa chuma anayetema moto, akitoka bahari ya mashariki kuelekea maji ya magharibi. Reli ilianzia Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu 1901. Tawi lake likafika Thika mwaka 1913, na nyoka akawa anapita hapa jirani akibeba mazao ya walowezi. Mashujaa wangeweza kumrushia mikuki mpaka jioni. Nyoka huyo naye alikuwa na walishaji: zaidi ya vibarua 31,000 walioletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao wakafa kazini, pesa za walipa kodi wa Uingereza, kuni na maji kila kituo. Alikula vizuri kuliko nunda.

Najua kuna atakayeniambia sungura ndiye bingwa wa hadithi zetu na nimemruka. Nimemruka makusudi. Sungura wa hadithi zetu ni mwizi anayechekesha. Anawaibia wenzake waliochimba kisima, anamtosa fisi katika makosa yake mwenyewe, na sisi tunapiga makofi kwa sababu ni mdogo. Udogo haukupaswa kuwa kibali. Naona tumemshangilia miaka mingi kupita kiasi, na wanafunzi wake tunao ofisini.

Nunda nao tunao. Kila chama kinachovunjika huanza na mweka hazina aliyekopa kidogo bila kuandika, akina mama wakanyamaza kwa kuwa ni mtoto wa fulani na atarudisha. Ikawa kiasi cha karo. Ikawa kiasi cha ploti. Siku ya kugawana ikifika hakuna cha kugawana, na watu wazima wanaulizana huyu mtu alipata wapi ujasiri wote huu. Aliupata kwenu, kikao kwa kikao. Siasa zetu zina sentensi fupi kuliko ile ya Sultani, na inafanya kazi ileile: ni mtu wetu. Ukishaisema hiyo, paka ana ruhusa ya kula ndama, na ndama akiwa wako unaona aibu kulia.

Pingamizi moja nalikubali. Si kila nguvu ina mlezi. Radi haikufugwa na mtu. Mzee wa machimboni ana haki pia kuhusu ndovu, ambaye hakulishwa msamaha na yeyote na bado hana mnyama wa kumtisha. Labda ndiyo sababu hadithi zetu hazina kazi kubwa ya kumpa ndovu isipokuwa kudanganywa na sungura. Nguvu ya kuzaliwa nayo haina kisa. Kisa huanza pale mtu alipoweza kusema hapana na hakusema.

Kwa hiyo nikiombwa kura kwa kinyozi, orodha yangu ni hii, na aliye tayari kubishana nami ananijua ninakokaa. Wa kwanza ni nunda, kwa sababu joka huuteka mji, bali yeye alipewa nchi na mwenyewe. Wa pili ni njiwa wa mbarika, aliyefukuzwa na kurudi, na aliyelipwa kwa kazi yake bila kuona haya. Nyoka wa chuma anashika nafasi ya tatu. Godzilla na majoka wagawane ya nne, waendelee kuchomana wenyewe kwa wenyewe. Sungura asiandikwe. Ndovu apewe heshima zake nje ya mashindano, kwa ajili ya Guka.