FARASI WA VITABUNI NA PUNDA WA NJIANI

Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote, wenye kusema na wasiosema. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema.

Ama baad. Ndugu zetu wasomaji, katika darsa yetu ya hapa Ruiri tulikuwa tukisoma hadithi zinazotaja farasi. Mwenzetu mmoja, mkulima, akauliza: "Masheikh, farasi hapa kwetu hatunao. Haya yatatufaa nini?" Baadhi yetu wakacheka. Lakini swali lile halikuwa la kuchekwa, na leo twapenda kulijibu, kwani jibu lake limetugusa sisi kabla ya kumgusa yeye.

Ni kweli kwamba farasi si mnyama wa asili ya nchi hizi. Hata jina lake tumelipokea kutoka katika Kiarabu. Bara yetu ilikuwa na mbung'o, ambao humtia mnyama maradhi ya kumkondesha mpaka afe. Tena yako maradhi mengine ya farasi yanayoenezwa na usubi, na farasi mgeni hayastahimili. Wazee wa Kimeru wanapohadithia jinsi watu wao walivyotoka Mbwaa, wakavuka maji, wengine usiku, wengine alfajiri, wengine mchana, hatuwasikii wakitaja farasi. Watu walikwenda kwa miguu yao. Farasi walioonekana baadaye pande za Timau walikuwa wa walowezi wa Kizungu, na mtu wa kawaida aliwatazama kwa mbali tu.

Huko pwani nako farasi alitangulia kufika kwa maneno kabla ya kufika kwa kwato. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, umejaa habari za vita na wapanda farasi, ilhali wengi waliousikiliza hawakupata kushika hatamu maishani mwao. Na kitu ambacho mtu hakioni kila siku, ni rahisi kukizushia mambo. Ndivyo zilivyoingia khurafati. Wako wanaopigilia kiatu cha chuma cha farasi juu ya mlango wakidhani kitaleta baraka. Wako wanaotundika ukutani picha ya Buraki mwenye uso wa mwanamke, wakaiheshimu. Nasi twauliza: uso huo umetoka wapi? Hadithi sahihi zatuambia kwamba Buraki ni mnyama mweupe, mkubwa kuliko punda, mdogo kuliko nyumbu, basi. Uso na vilemba na mikufu vimetoka kwa wachoraji.

Na wako wamvikao mnyama hirizi shingoni ili asipatwe na jicho la hasidi. Mtume (S.A.W.) akiwa safarini alimtuma mtu akatangaze kwamba pasibaki katika shingo ya ngamia yeyote mkufu wa uzi wa upinde ila ukatwe. Imam Malik alifahamu kwamba walikuwa wakiufunga kwa ajili ya jicho. Mnyama hahitaji hirizi. Ahitaji maji, majani, mapumziko na dawa ya kidonda chake.

Sasa turejee kwenye swali. Qur'ani imemtaja farasi kwa heshima. Katika Sura ya Al-Aadiyat Mwenyezi Mungu ameapa kwa farasi wakimbiao wakihema, kwato zao zikitoa cheche, wakitimua vumbi asubuhi. Na baada ya kiapo kikubwa hicho, ni jambo gani lililoapiwa? Ni kwamba mwanadamu ni mtovu wa shukrani kwa Mola wake! Mnyama hujitupa katika hatari kwa ajili ya bwana wake anayempa nyasi tu, na mwanadamu aliyepewa kila kitu husahau. Sisi Waswahili tuna methali isemayo kuwa shukrani ya punda ni mateke. Tumekuwa tukimsema punda miaka mingi, ilhali Qur'ani yamtaja mwingine.

Kisha iko hadithi mashuhuri aliyoipokea Abu Hurayra (R.A.), ambayo ndiyo iliyoleta swali lile. Mtume (S.A.W.) amewagawanya farasi mafungu matatu. Wa kwanza ni thawabu kwa mwenyewe: amemfuga kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, na kila nyasi anayokula, na kila hatua anayokwenda, na hata maji anayokunywa mtoni pasi na bwana wake kukusudia, yote huandikwa mema. Wa pili ni sitara: mwenyewe amemfuga ili ajitegemee, asiombe watu, na wala hakuisahau haki ya Mwenyezi Mungu iliyo katika shingo na mgongo wa mnyama huyo. Wa tatu ni mzigo wa dhambi: amefugwa kwa fahari na kujionyesha na uadui.

Wengi wetu huikomesha hadithi hapo. Lakini masahaba hawakukoma hapo. Walimwuliza Mtume (S.A.W.): na punda je? Ndugu msomaji, tazama: swali la mkulima wetu lilikwisha kuulizwa mbele ya Mtume mwenyewe! Naye akajibu kwamba hakuteremshiwa juu ya punda jambo mahsusi, ila aya moja ya pekee yenye kukusanya yote, nayo ni ile ya mwisho wa Sura ya Zilzala: kwamba atendaye wema wa uzito wa chembe atauona, na atendaye uovu wa uzito wa chembe atauona.

Basi haya ndiyo yatuhusuyo sisi watu wa Ruiri. Farasi wetu ni punda. Yeye ndiye apandaye na kushuka miteremko hii ya kwenda Isiolo katika jua na vumbi. Yeye ndiye aletaye maji wakati wa kiangazi, na kuni, na mahindi ya kwenda sokoni. Mama mjane mwenye punda mmoja hana haja ya kumnyoshea mtu mkono. Hiyo ndiyo sitara iliyotajwa katika hadithi. Lakini je, sharti yake tumeitimiza? Haki iliyo mgongoni mwa mnyama tumeikumbuka?

Hebu tufanye hesabu. Mtungi mmoja wa lita 20 ni kilo 20. Mitungi minne ni kilo 80, nao ni uzito wa mtu mzima mnene. Wako wanaoongeza wa tano na wa sita, kisha mtoto akapanda juu. Tandiko hakuna, kamba imekula ngozi mpaka nyama yaonekana, na fimbo hupigwa papo hapo penye kidonda. Mtume (S.A.W.) amekataza kuifanya migongo ya wanyama kuwa mimbari, yaani kukaa juu yao kwa mazungumzo wakati hakuna safari. Alimlaani aliyemtia punda chapa ya moto usoni. Naye mwenyewe, bora wa viumbe, alipanda punda, akampakia Muadh nyuma yake, wala hakuona kuwa ni unyonge.

Historia nayo yatuonya. Katika vita vya 1914 hadi 1918, majeshi yaliyopigana Afrika ya Mashariki yaliingiza farasi, nyumbu na punda katika nchi za mbung'o, wakafa makundi kwa makundi. Mnyama alipokwisha, mzigo ulitiwa kichwani mwa mwanadamu. Wakakusanywa wapagazi, wakafa kwa maelfu, na jina lao limebaki katika mitaa ya Kariakoo Dar es Salaam na Kariokor Nairobi. Asiyehurumia mgongo wa mnyama hakawii kuutumia mgongo wa mwenziwe.

Na katika zama zetu hizi tumeona ajabu nyingine. Tangu 2016 yalifunguliwa Kenya machinjio ya punda, ngozi zao zikapelekwa China kutengenezewa dawa iitwayo ejiao. Wizi wa punda ukaenea. Mtu alilala ana punda, akaamka ana kamba. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020, mahakama ikaifuta amri hiyo mwaka 2021, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuizuia biashara ya ngozi za punda barani. Anayemwibia maskini punda amemwibia maji yake, na miguu yake, na sitara yake.

Sasa tuseme lililotuuma. Siku ile ile ya darsa, tulipokuwa tukienda msikitini, tulimkuta punda ameanguka njiani na mitungi yake, na mtoto akimpiga ili ainuke. Tulitazama. Tukasema, masikini! Tukapita, kwani tulichelewa, na vitabu vilikuwa kwapani. Tulipoketi tukasoma hadithi ya farasi kwa sauti nzuri. Mkulima yule alikuja nyuma yetu akiwa amechelewa, kanzu yake imelowa maji na matope. Hatukumwuliza sababu. Baadaye tukajua kwamba ndiye aliyefungua kamba na kumwinua yule punda.

Qur'ani, katika Sura ya Jumua, imewafananisha watu waliobebeshwa elimu wasiifanyie kazi na punda abebaye vitabu. Siku ile punda wa namna hiyo hakuwa yule aliyeanguka njiani.

Kwa hiyo, ndugu zetu, jibu letu ni hili: tupunguze mtungi mmoja, tutie tandiko, tumnyweshe mnyama kwanza maji aliyoyabeba yeye, tumfundishe mtoto kwamba fimbo itaulizwa, na tukate hirizi, tuweke dawa mahali pake. Na mwenye vitabu kwapani akimkuta aliyeanguka njiani, aviweke chini kwanza.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe tulipopita, atujaalie tuwe wenye kusikia na kutenda. Amin.