Mizani ya Hoja

Katika Unyambwa, mkoani Singida, ambako mvua huja msimu mmoja tu kwa mwaka na pengine hukatika kabla nafaka haijakomaa, suala la kupanda mtama au mahindi si dogo, kwani ndani yake mna shibe au njaa ya nyumba nzima. Nami nimelichagua kwa kuwa hapo huonekana dhahiri jambo tulisahaulo sana katika majadiliano, kwamba nguvu ya hoja ni kitu kimoja, na upande inaoutetea ni kitu kingine kabisa.

Tuseme wakulima wameketi barazani. Wa kwanza asema mtama upandwe kwa sababu mababu waliupanda. Ni kweli waliupanda, nami nawaheshimu. Lakini kauli hiyo haina dalili yoyote juu ya mvua ya mwaka huu. Wa pili asema mtama ukipatwa na ukame husita kukua, ukangoja, kisha ukaendelea mvua irudipo, ilhali mahindi yakikosa maji wakati wa kutoa mbelewele huharibika. Hiyo ni hoja: sababu imeshikana na matokeo, na mwenye shaka aweza kwenda shambani akahakikisha. Wawili hao wamefika mahali pamoja, lakini ni mmoja tu aliyeonyesha njia.

Kisha ainuka mama mmoja, mkononi ana suke la mtama lililobaki makapi matupu.

“Wazee wangu, haya ndiyo mavuno ya kweleakwelea. Hindi Mungu amelivika maganda. Suke hili li uchi. Nani ataamia ndege tangu alfajiri hata magharibi, na watoto wako shule?”

Ndege huyo mmoja hula kiasi cha gramu 10 kwa siku, naye haji peke yake, huja kwa maelfu. Neno la mama ni hoja, tena nzito. Na amjibuye kwamba baraza limekwisha kukubaliana ameikimbia mizani.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikiita kitabu chake kimoja Al-Qistas al-Mustaqim, yaani mizani iliyonyooka, akijadiliana humo na mtu aliyeshikilia kwamba haki haijulikani ila kwa kumfuata imamu asiyekosea. Jina hilo lanipendeza mno, kwa maana mizani haiulizi mtama ni wa nani.

Mimi ningepanda mtama. Hata hivyo insafu yanilazimu kukiri kwamba hoja ya mama yule yanilemea, na kabla ya kuongeza neno ningemuuliza ni nani aliyekaa dunguni msimu uliopita, na kwa siku ngapi.