Deni la Mwenye Kujua Kusoma

Katika vijiji vingi vya Kongo watu hushindana juu ya shauri hili: kijana aliyetimiza miaka 14 au 15, naye hajui kusoma wala kuandika, ni nani aliye na wajibu wa kumfundisha? Wengine hujibu upesi: baba yake, kwa kuwa ndiye aliyemzaa. Wengine husema: Serikali. Majibu hayo yote mawili yana ukweli ndani yake, lakini kila moja humwacha kijana palepale alipo.

Wanaoitaja Serikali hawana kosa. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, yasema ya kwamba masomo ya msingi katika shule za Serikali ni ya lazima, tena ni bure. Walakini tangu mwanzo wa miaka ya 1990 wazazi ndio waliokuwa wakitoa fedha za kuwasaidia walimu, na neno hilo la bure lilianza kutimizwa mwaka 2019 tu. Watoto wengi walikuwa wamerudishwa nyumbani kwa ajili ya malipo. Mlango ulipofunguliwa, wengine walikuwa wamekwisha pita umri wa kuanza. Kijana mwenye kimo cha mtu mzima huona haya kukaa benchi moja na watoto wa miaka 6, wala haya hiyo si upuuzi. Viko vituo vya kufidia masomo, ambamo madarasa 6 ya msingi husomwa kwa miaka 3. Lakini si kila kijiji kina kituo.

Basi hapo huulizwa wale wenye kujua kusoma. Nao mara nyingi hujibu: «Tukipata nafasi tutawasaidia, hiyo ni sadaka yetu.» Jibu hilo lapasa kupimwa.

Elimu ya mtu haikutoka katika kichwa chake peke yake. Katika jamaa nyingi kijana mwanamume alikwenda masomoni kwa sababu dada yake alibaki nyumbani, akateka maji, akatwanga, akambeba mdogo wao mgongoni. Mihogo iliyouzwa ili kulipa shule, dada huyo aliilima. Matofali ya shule yenyewe yalichomwa na watu ambao wengi wao hawawezi kusoma jina lililoandikwa ukutani pake. Kwa hiyo aliyesoma, anapomfundisha kijana, na hasa msichana, hatoi zawadi: analipa. Sadaka huweza kungoja siku ya nafasi, deni lina siku yake.

Ni kweli ya kwamba anayempa mwenzake mbuzi hupungukiwa na mbuzi, na anayempa herufi hapungukiwi na herufi. Usemi huo hupendwa sana na wahubiri, lakini hausemi yote. Anayefundisha alasiri halimi alasiri. Magugu huota shambani mwake, na watoto wake hawashibi shukrani. Kama kijiji kizima kilimnunulia ujuzi wake, kijiji kizima kimshikie jembe siku anapoulipa. Hapo ndipo penye haja ya mapatano: chifu atoe nyumba, mzazi amwachilie mtoto kazini mara mbili kwa juma, wenye kusoma wagawane siku, majirani wapalilie shamba la mwalimu. Jambo hili si geni Kongo. Tangu mkataba wa mwaka 1977, shule nyingi za Serikali huongozwa na Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu.

Kuna kizuizi kingine kisichosemwa wazi. Asiyejua kusoma huwaletea wengine faida. Mnunuzi wa kahawa humpenda mtu asiyeweza kusoma mizani. Msomaji wa barua hujua siri za nyumba zote, naye huheshimiwa kwa ajili hiyo. Baba naye hupata mikono ya kulima. Mapatano yakivunjika, mara nyingi huvunjikia hapo, wala si kwa kukosa chaki.

Na kijana mwenyewe akikataa? Mtoto wa miaka 7 huongozwa kwa mkono. Wa miaka 16 haongozwi hivyo. Apewe mahali pasipo vicheko, saa isiyogongana na kazi yake, na masomo katika lugha aijuayo, kwa maana Kiswahili ni mojawapo ya lugha 4 za taifa katika Katiba ile ile. Kisha aachwe achague. Asipofika juma hili, nafasi yake katika benchi isipewe mwingine.