Nafsi na Jumuiya katika The Scarlet Letter

The Scarlet Letter, riwaya ya Mmarekani Nathaniel Hawthorne iliyotoka mwaka 1850, inasimulia kisa cha Hester Prynne, mwanamke wa Boston katika miaka ya 1640. Hester alizaa na mwanamume asiye mumewe, akakataa kumtaja, na akahukumiwa kuvaa kifuani herufi A nyekundu, alama ya uzinzi. Kisa hiki kinaibua swali la kifalsafa: ni nani mwenye kauli ya mwisho juu ya maana ya maisha ya mtu, yeye mwenyewe au jamii yake?

Jamii inayosimuliwa ilibeba ukinzani tangu kuzaliwa kwake. Wapuritani waliohamia Massachusetts mwaka 1630 wakiongozwa na John Winthrop walikuwa wamekataa taratibu za Kanisa la Uingereza kwa sababu ya dhamiri zao. Walifundisha kwamba kila nafsi husimama peke yake mbele ya Mungu. Papo hapo waliamini kuwa wamefunga agano na Mungu wakiwa mwili mmoja, hivyo dhambi ya mmoja ingeweza kuwaletea wote ghadhabu. Kwa imani hiyo, siri ya chumbani ilikuwa shauri la mji mzima. Anne Hutchinson, aliyefundisha dini nyumbani kwake kinyume cha viongozi, alishtakiwa mwaka 1637 na kufukuzwa. Hawthorne anamtaja mwanzoni mwa riwaya, kwenye mlango wa gereza. Waswahili husema mkataa wengi ni mchawi. Katika mji wa Salem, hukohuko Massachusetts, mwaka 1692 kauli ya namna hiyo ilikaribia kuwa sheria: watu 19 walinyongwa kwa tuhuma za uchawi, na John Hathorne, mhenga wa mwandishi, alikuwa miongoni mwa mahakimu.

Hester hapambani na hukumu waziwazi. Hakuna anayemzuia kuhama, lakini anabaki na kuivaa herufi yake. Ila anaidarizi kwa nyuzi za dhahabu, na alama ya aibu inageuka kazi ya mikono yake. Wakubwa wa koloni wanavaa nguo alizozitia nakshi, ingawa hakuna anayempa shela ya bibi harusi aidarizi. Miaka inavyopita, kwa jinsi anavyowahudumia wagonjwa na maskini, baadhi ya watu wanaanza kuisoma A kama alama ya uwezo wake. Jamii ina nguvu ya kumbandika mtu alama, lakini haiwezi kuifungia maana. Tena upweke waliomtwisha unampa uhuru wasioutarajia, wa kuwaza mambo ambayo jirani zake wasingethubutu kuyawaza.

Mchungaji Arthur Dimmesdale, baba wa mtoto, ni kinyume chake. Hana alama yoyote nguoni, na waumini wanamwona mtakatifu. Kila anapojiita mwenye dhambi mimbarini bila kutaja kosa lenyewe, sifa ya unyenyekevu wake inaongezeka. Anatii kila ambacho jamii inamtaka awe, na utii huo unamla ndani kwa ndani. Anapokiri hatimaye hadharani, anafia palepale kwenye jukwaa la adhabu.

Hata hivyo, Hawthorne haifanyi nafsi huru kuwa mungu mpya. Roger Chillingworth, mume wa Hester aliyejificha kwa jina bandia, anafuata kisasi chake binafsi bila kumjibu yeyote, na kinamharibu. Msituni, Hester anapoitupa herufi na kupanga kutoroka na Dimmesdale, binti yake Pearl anakataa kumsogelea hadi aivae tena. Kwa mtoto huyo, mama asiye na historia yake si mama anayemjua.

Jibu la riwaya limo katika uamuzi wa mwisho wa Hester. Baada ya kuishi ng'ambo kwa miaka kadhaa, anarudi Boston na kuivaa herufi kwa hiari, bila kulazimishwa na hakimu yeyote. Wanawake wenye majonzi wanamwendea kuomba ushauri. Uhuru wake haukupatikana kwa kuikimbia jumuiya wala kwa kuyeyuka ndani yake: anaishi na watu walewale waliomhukumu, na alama yao anaivaa kwa maana aliyoipa mwenyewe.